Kutoka Bandarini Hadi Gerezani: Njia Yetu ya Kariakoo Ilivyobadilika



Wadogo zetu wenye harusi wanapotujia kupimwa nguo, huuliza kwanza habari ya kitambaa, kisha habari ya bei. Wakishatulia na kunywa maji ndipo huuliza lile linalowakera: nikishuka boti Dar nafikaje Kariakoo, na narudije na mzigo wangu? Mama zao waliuliza hivyo hivyo, na bibi zao pia. Jibu ndilo lililobadilika, na limebadilika mara nyingi kuliko mishono ya magauni. Tumeona leo tulieleze tokea mwanzo, kwani anayesukumwa pale kituoni Gerezani hivi sasa anasukumwa na mambo yaliyoanza zamani sana.

Tukumbuke kwanza kuwa mji ule una mkono wetu. Aliyeanza kuijenga Dar es Salaam ni Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kazi haijafika mbali, na majumba yakabaki kuota majani. Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kutandika reli kwenda bara. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Reli haiji peke yake. Inakuja na karakana, maghala, makuli, mafundi chuma na nyumba za wafanyakazi. Gerezani, iliyo baina ya stesheni na ule mkono wa bahari unaoingia ndani, ikawa mtaa wa watu wa namna hiyo. Mpaka leo ukipita huko utasikia nyundo za mafundi kabla hujasikia muadhini.

Na asituambie mtu kuwa treni ni ya bara peke yake. Sisi watu wa Unguja tulikuwa na treni yetu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ilitoka pale Ngome Kongwe, ikapita mitaani karibu kabisa na milango ya watu, mpaka Bububu, mwendo wa kama maili 7. Serikali iliinunua mwaka 1911, na kabla miaka ya 1930 haijaenda mbali ilikwisha kunyamaza. Wazee wetu waliipanda kwenda shamba na kurudi na mihogo na mbata, kabla sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazijaona treni ya abiria wa mjini. Basi bibi zetu hawakuwa washamba wa usafiri, hata kidogo.

Jina la Kariakoo lenyewe ni la wachukuzi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinaendelea, na wapagazi wao wa Kiafrika wakawekwa kambi upande ule. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa kwa maradhi na njaa, wamebeba mizigo isiyokuwa yao. Unapolibeba robota lako la vitambaa pale Mtaa wa Msimbazi, wakumbuke kwa dua.

Baada ya vita, mji ukagawanywa. Wazungu wakakaa upande wa bahari, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika Kariakoo. Baina ya Kariakoo na mjini ukaachwa uwanja mtupu kwa makusudi, ndio Mnazi Mmoja wa Dar es Salaam. Na sisi tuna Mnazi Mmoja wetu, majina yamefanana. Mwanamke aliyeshuka chomboni wakati ule aliuvuka uwanja huo kwa miguu, au kwa gari la ng'ombe akiwa na uwezo, na bidhaa yake kichwani. Hakuna aliyempangia usafiri, kwa sababu mji haukupangwa kwa ajili yake. Jambo hili tuliweke akilini, maana litarudi.

Mabasi ya mjini yenye mpango yalikuja mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya DMT. Ilikuwa mali ya watu binafsi mpaka serikali ilipoitaifisha mwaka 1970, miaka 3 baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ikagawanywa: safari za mikoani zikapewa shirika la KAMATA, na za mjini zikapewa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mwaka uliofuata, 1975, lilifunguliwa soko kuu la Kariakoo, lile lenye mapaa kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini, kazi ya mbunifu Mtanzania Beda Amuli. Hebu tazama: soko kubwa kuliko yote nchini na shirika la mabasi la umma vilizaliwa pamoja, kila kimoja kikimtegemea mwenzake.

Soko lilikua. UDA haikuweza kwenda nalo. Mji ulijaa watu haraka, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikupatikana, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ikawa ngumu zaidi. Yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yenye tumbo la kujikunja kama kinanda, yalikuja kusaidia, lakini basi moja refu likiharibika ni abiria wengi wanaobaki juani. Ndipo wenye magari binafsi wakaanza kubeba watu kwa kujificha. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliita dala. Kondakta akanadi, “Dala! Dala!” na jina likabaki. Mwaka 1983 serikali ikaona bora kuwapa leseni kuliko kuwafukuza.

Yale ya mwanzo mengi yalikuwa magari ya mizigo madogo yaliyofungwa viti viwili virefu, abiria wakitazamana kama walio katika hoteli ya chai na maharage. Ndiyo maana yaliitwa chai maharage. Wenzetu wa bara wameyasahau. Sisi tumeyapanda mpaka tumekuwa watu wazima, yale ya paa la mbao ambayo unaingia umeinama na unatoka umeinama, na buibui lako limekusanya vumbi la kiti kizima.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu wanaoandika historia ya daladala huandika habari za leseni na nauli na kuacha habari ya mwili wa mwanamke. Daladala ilifika kila mahali, hilo hatuwezi kuikania. Ilikwenda Mbagala, Tandika, Buguruni, Manzese, kote ambako basi la serikali lilikuwa hadithi. Fundi wa kushona shanga anayekaa Mbagala aliweza kuja Kariakoo kuchukua kazi na kurudi nayo nyumbani, kwa sababu ya daladala. Lakini bei yake haikuwa nauli tu. Ilikuwa ni kugombea mlango na wanaume, ni mkono usioujua umetoka wapi, ni kondakta anayekuvuta begani ili ujaze nafasi. Mwenye mtoto mgongoni alisubiri ya pili, ya tatu, ya nne. Mwenye mimba aliambiwa asubiri gari iliyo tupu, na gari tupu haikuja. Wengi wetu tulijifunza kuvaa baibui jembamba la safari na kulikunja lile zuri ndani ya mkoba, si kwa kupenda, ni kwa kuogopa lisichanwe mlangoni.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kukaa kaa njiani, na waliposema hawana budi, akawaambia basi wape njia haki yake: kuinamisha macho, kuacha maudhi, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Huwa tunasomewa kama hadithi ya vijana wa barazani. Sisi tunaisoma pia kama hadithi ya kituo cha basi. Njia ina haki, na kuacha maudhi ni sehemu ya haki hiyo. Kwa hivyo kupanga usafiri ambao hauwaudhi wanawake si jambo la kuiga Wazungu. Ni deni la zamani.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba watu Mei 2016. Wakala wa kuyasimamia, DART, ulikuwepo tokea mwaka 2007, na Rais Magufuli alizindua rasmi awamu ya kwanza Januari 2017. Njia ina urefu wa kilomita 20.9, kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ikachepuka Magomeni kwenda Morocco, na ikachepuka Fire kuingia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Vituo vikuu 5, vituo vya njiani 27, mabasi 140 ya kuanzia. Gerezani, mtaa wa reli na nyundo, ukawa mwisho wa njia. Ukishuka pale upo Kariakoo, huna haja ya kuuliza mtu.

Lakini ardhi ya kituo haikuwa jangwa. Pale palikuwa na Gerezani Kota, nyumba za tokea ukoloni, na wapo waliobomolewa kupisha mradi huo baada ya kwenda mpaka mahakamani. Tunapenda kulitaja hili kwa sababu tunaposhuka pale na mikoba yetu, tunakanyaga sebule za watu.

Kwa wanawake, mwendokasi ulileta kitu kimoja kikubwa ambacho watu hawakisifu vya kutosha: sakafu. Sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa. Huinui mguu, hupandi ngazi na baibui mkononi, humpi mtu mtoto akushikie. Mama mwenye mimba anatembea akaingia. Anayetumia kiti cha magurudumu anaingia. Tiketi unakata dirishani kabla ya kupanda, kwa hiyo hakuna kondakta wa kukushika bega. Nauli ya mwanzo ilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia za pembeni na 800 ukiunganisha, na mwanafunzi 200. Safari ya Kimara hadi mjini iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi ikawa chini ya saa moja. Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika kuipata.

Wakati tuzo inapokelewa, maji yalikuwa yamekwisha kuingia ndani. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo mvua ikinyesha kweli hata bata hurudi nyumbani. Mafuriko ya 2017 na 2018 yakaharibu mabasi mengi. Mengine 70 yaliletwa mwaka 2018, yakakaa bandarini muda mrefu kwa mabishano ya kodi huku abiria wakirundikana. Hapo ndipo ile sakafu iliyo sawa ilipoacha kuwa rehema. Basi likija moja baada ya dakika arubaini, na watu mia tatu wapo kituoni, mlango mpana unakuwa mlango mpana wa kusukumana. Vijana waliingia kwa madirisha, dunia nzima iliona picha. Mama mwenye mtoto akarudi palepale alipokuwa zama za chai maharage, akisubiri la pili, la tatu, la nne. Tofauti ni kuwa sasa daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro zilikwisha kuondolewa, na hana pengine pa kukimbilia ila bodaboda au bajaji, kwa bei ya mara tano au zaidi.

Baadhi ya dada zetu husema dawa ni behewa la wanawake, kama treni za chini kwa chini za Cairo, au sehemu ya wanawake na watoto kama Dubai. Tumelifikiri sana. Hatulipingi, na likija tutashukuru. Lakini kwa maoni yetu idadi ya mabasi inatangulia. Basi lililojaa kupita kiasi halina upande wa wanawake, hata ungeuchora kwa rangi ya pinki. Basi linalokuja kila dakika 5 linampa mwanamke uwezo wa kusema, hili silipandi, nangoja linalofuata, na uwezo huo ndio stara yenyewe.

Treni nazo zina hadithi yake, na inapita karibu sana na Gerezani. Oktoba 2012 zilianza treni za abiria wa mjini, moja ya TRL kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe. Baadaye ikaja na ya Pugu. Kutoka Stesheni hadi Kariakoo ni kutembea tu. Nauli ni nafuu, haina foleni, na mama ana pa kuweka kapu. Sasa tazama ratiba: asubuhi na jioni, siku za kazi. Imepangwa kwa mtu anayeingia ofisini na kutoka. Mwanamke wa sokoni hana saa hizo. Anayepeleka mtoto skuli kwanza, akapika, ndipo akatoka saa nne kwenda kutafuta lesi, treni imekwisha kulala. Hakuna aliyemkataza kupanda. Ratiba ndiyo imemkataza. Mnakumbuka tuliyosema ya Mnazi Mmoja?

Mwaka 2024 ikaja reli ya kisasa, SGR, na stesheni yake kubwa ikasimama jirani na ile ya Mjerumani. Juni ilianza kwenda Morogoro, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi hadi Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Si treni ya mjini hii, lakini imebadilisha Kariakoo zaidi ya tulivyotazamia. Mabibi harusi wa Dodoma, ambao zamani walikuwa wakimtuma shangazi kwa basi la saa nane hadi tisa, sasa wanatoka alfajiri, wanachagua wenyewe, na jioni wapo kwao. Wenye maduka ya vitenge watakuambia. Kwetu sisi wa visiwani maana yake ni kuwa doti za kanga nzuri zinaondoka mapema, tuamke.

Tunapozungumza kanga, lazima tutaje moto. Julai 10, 2021, usiku, soko kuu la Kariakoo liliungua, wafanyabiashara wakapoteza mitaji yao. Biashara ilihamia mitaani, kandokando ya Msimbazi, Kongo na Uhuru, na njia za miguu kutoka kituo cha Gerezani zikazidi kubana. Soko limejengwa upya na kupanuliwa. Inna lillaahi kwa waliopoteza, na Alhamdulillahi kwa kilichorudi.

Jambo jipya kuliko yote ni la Mbagala. Awamu ya pili ya mwendokasi, kilomita 20.3, inakwenda kwa Barabara ya Kilwa. Ujenzi ulianza mwaka 2019, na barabara ikamaliza kabla ya mabasi kupatikana. Kwa muda mrefu wakazi wa Mbagala walikuwa wakiitazama njia ya zege imelala tupu katikati ya barabara, wao wamebanana kwenye daladala pembeni yake. Mabasi, yanayotumia gesi, yalianza kuwabeba mwaka 2025.

Kwa wasomaji wetu hili lina uzito wake. Wengi wa wanaotushonea shanga, kupachika mawe na kutia nakshi mashela tunayoyavaa Unguja na Pemba wanakaa Mbagala, Chamazi na Rangi Tatu, kwa sababu kodi ya chumba Kariakoo hawaiwezi. Ni wanawake, wengi wana watoto wadogo. Gauni la harusi linalochelewa, mara nyingi halikucheleweshwa na sindano. Limekwama Mtongani ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye paja la mtu. Mabasi ya Mbagala yakiwa mengi na yakija kwa wakati, hao ndio watakaopata nafuu kabla yetu. Yakiachwa yachoke kama yalivyochoka ya Kimara, bei ya nakshi itapanda na sisi tutalaumu mafundi.

Basi, mwenye kwenda wiki hii afanye hivi. Panda boti ya asubuhi, na dua ya kupanda chombo usiisahau. Suala la kusafiri bila maharimu muulize sheikh wako, kila nyumba ina msimamo wake, ila ukipata mama au shangazi wa kufuatana naye ni bora kwa dini na kwa mizigo. Kwenda, mikono ikiwa mitupu, panda mwendokasi upande wa bandarini, ubadilishe Fire kwa gari la Gerezani, ufike kabla ya saa tano. Adhuhuri ikikukuta Kariakoo, Msikiti wa Mtoro na wa Manyema iko karibu, waulize wenyeji mlango wa wanawake. Kurudi, usijaribu kuingia basini na robota. Changa na wenzako bajaji moja mpaka bandarini, mkubaliane bei kabla ya kupakia, na sanduku la bi harusi likae miguuni mwako, lisikae nyuma.